Plamu ya Kakadu

Plamu ya Kakadu (jina la kisayansi: Terminalia ferdinandiana) ni mti wa porini wa Australia ya kaskazini, jina hilo hutumika pia kwa tunda lake. Katika eneo la Kimberley, jimbo la Australia Magharibi, tunda hilo hujulikana zaidi kwa jina la gubinge. Ni tunda dogo la rangi ya kijani-njano, lenye ladha chachu na kokwa kubwa, lakini lina vitamini C kwa wingi usio wa kawaida. Kwa uzito uleule linazidi chungwa takriban mara 40 hadi 60.

Waaborigini wa Australia wametumia tunda na gome la mti huu kama chakula na dawa tangu kale. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 20 tunda limekuwa pia malighafi ya vipodozi, hasa krimu na seramu za ngozi zinazouzwa kwa sifa ya "vitamini C ya asili". Biashara hiyo imeleta maswali mawili makubwa. La kwanza ni kama vipodozi hivyo vina vitamini C ya kutosha kufanya kazi inayotajwa kwenye chupa. La pili ni kama wenyeji walioutunza mti huo pamoja na elimu yake wanapata haki yao katika faida.

Jina na uainishaji

Mti huu umo katika jenasi Terminalia ya familia Combretaceae. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanamfahamu vizuri ndugu yake mmoja, yaani mkungu (Terminalia catappa), unaopandwa kwa ajili ya kivuli chake kipana.

Mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller, Mjerumani aliyehamia Australia, aliueleza mti huu mwaka 1860 kwa jina la Terminalia edulis. Baadaye ilionekana kwamba jina hilo lilikuwa limeshatumika kwa spishi nyingine. Kwa sababu hiyo mwaka 1935 Mwingereza Arthur Wallis Exell aliupa jina jipya la Terminalia ferdinandiana, kwa heshima ya von Mueller.

Jina "Kakadu" linatokana na Hifadhi ya Taifa ya Kakadu katika Eneo la Kaskazini la Australia, nalo limetoka katika neno Gaagudju, ambalo ni jina la lugha ya wenyeji wa huko. Lakini mti hauishii ndani ya hifadhi hiyo, na kila jamii ya wenyeji ina jina lake kwa tunda hilo. Ingawa huitwa plamu, si jamaa wa plamu za kawaida zinazouzwa sokoni, ambazo ni za jenasi Prunus katika familia ya mawaridi.

Maelezo ya mti

Ni mti mwembamba unaoweza kufikia kimo cha mita 14, ingawa mingi ni mifupi zaidi. Gome lake ni la rangi ya kijivu na hubambuka vipande vipande. Majani ni mapana, ya kijani hafifu, yenye urefu wa sentimita 11 hadi 33. Mti hupukutisha majani wakati wa kiangazi.

Maua ni madogo, meupe-maziwa na yenye harufu nzuri. Hutokea kwenye vishada vyembamba kuanzia Septemba, kabla ya mvua na wakati mvua zinapoanza. Tunda lina umbo la yai, urefu wa takriban sentimita 2 na upana wa sentimita 1. Ndani yake mna kokwa moja kubwa, hivyo nyama ya tunda ni kidogo.

Uenezi na mazingira

Plamu ya Kakadu huota katika misitu ya wazi ya kitropiki, kuanzia Kimberley upande wa magharibi hadi Arnhem Land upande wa mashariki. Sehemu hizo zina misimu miwili mikuu: majira ya mvua nyingi, takriban Novemba hadi Aprili, na kiangazi kirefu baada yake. Matunda hukomaa kati ya Januari na Juni, kutegemea mahali na mvua za mwaka huo. Mavuno hutofautiana sana mwaka hadi mwaka, kwa kuwa miti mingi bado ni ya porini. Moto unaopita msituni wakati wa maua unaweza kuharibu mazao ya msimu mzima. Kwa sababu hiyo utaratibu wa wenyeji wa kuchoma nyasi kidogo kidogo na mapema una umuhimu mkubwa.

Matumizi ya asili

Waaborigini walikula tunda bichi, hasa kama kitafunio wakati wa safari na mawindo. Utomvu wa mti nao uliliwa. Gome la ndani lilitumika kutibu vidonda, majipu na maradhi mengine ya ngozi. Elimu ya mahali miti ilipo, wakati wa kuvuna na namna ya kuitunza ilirithishwa kwa mdomo kutoka kwa wazee kwenda kwa vijana.

Jambo hili lina uzito katika mabishano ya sasa. Mtu anayesema kwamba amegundua kuwa mti huu unafaa kwa ngozi ya binadamu anasema kitu ambacho wenyeji walikijua kabla yake.

Vitamini C katika tunda

Mwaka 1982 watafiti Brand, Cherikoff, Lee na Truswell walichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya tunda hili. Walikuta miligramu 2,300 hadi 3,150 za vitamini C katika kila gramu 100 za tunda. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba kiwango hubadilika kutoka mti hadi mti na mahali hadi mahali.

Kwa kulinganisha, gramu 100 za matunda yafuatayo huwa na takriban:

- chungwa: miligramu 50
- pera: miligramu 230
- plamu ya Kakadu: miligramu 2,300 hadi 3,150

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate miligramu 45 za vitamini C kwa siku. Tunda moja la plamu ya Kakadu lenye nyama ya gramu 3, likiwa na kiwango cha miligramu 2,500 kwa gramu 100, lina miligramu 75. Kwa hiyo tunda moja dogo latosha mahitaji ya siku nzima na kubakiza.

Tunda lina pia asidi ya elagi na asidi ya gali, ambazo ni kemikali za mimea zenye uwezo wa kuzuia oksidisho. Lina oksalati pia, ambayo ikizidi mwilini huweza kuchangia kutokea kwa vijiwe vya figo.

Vitamini C na ngozi

Vitamini C, au asidi ya askobiki, haitengenezwi na mwili wa binadamu. Wanyama wengi hujitengenezea, lakini binadamu amepoteza kimeng'enya cha mwisho katika hatua za kuitengeneza. Anayeikosa kwa muda mrefu hupata kiseyeye: fizi huvuja damu, vidonda vya zamani hufunguka, na ngozi hutokwa na madoa ya damu. Dalili hizo zinaonyesha wazi uhusiano kati ya vitamini hii na ngozi.

Kazi zake katika ngozi ni hasa tatu:

1. Kujenga kolajeni. Kolajeni ni protini inayoipa ngozi uimara. Vimeng'enya vinavyokamilisha nyuzi zake haviwezi kufanya kazi bila vitamini C.
2. Kuzuia oksidisho. Mwanga wa jua huzalisha radikali huru zinazoharibu chembe za ngozi. Vitamini C hupunguza madhara hayo. Hata hivyo haizuii miale yenyewe, kwa hiyo haichukui nafasi ya krimu ya kinga ya jua, kofia au kivuli.
3. Kupunguza madoa. Vitamini C hupunguza kazi ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, hivyo husaidia kufifisha alama zinazobaki baada ya chunusi au kuungua na jua.

Vitamini inayoliwa hufika kwenye ngozi kwa njia ya damu, lakini kwa kiasi chenye kikomo. Ndiyo sababu ya kuipaka. Kuipaka nako kuna masharti. Ngozi ni ukuta uliokusudiwa kuzuia vitu visiingie. Utafiti wa Sheldon Pinnell na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba asidi ya askobiki hupenya vizuri pale ambapo pH ya dawa iko chini ya 3.5. Ulionyesha pia kwamba kupenya huongezeka hadi kiwango cha asilimia 20, na zaidi ya hapo hakuna faida. Kwa kawaida kiwango kinachohesabiwa kuwa na nguvu ni kati ya asilimia 8 na 20. Kuchanganya vitamini C na vitamini E pamoja na asidi ya feruli huifanya idumu zaidi.

Utengenezaji wa vipodozi

Tunda likishavunwa huanza kupoteza vitamini C, hasa kwenye joto. Kwa hiyo hugandishwa mapema iwezekanavyo. Baadaye kokwa huondolewa, na nyama husagwa kuwa rojo au hukaushwa katika hali ya kugandishwa hadi kuwa unga. Kutokana na unga au rojo hilo hutolewa kiziduo kwa kutumia maji, gliserini au alikoholi. Kiziduo ndicho kinachotiwa katika krimu, losheni, seramu na barakoa za uso.

Vitamini C huharibika ikikutana na hewa, mwanga, joto na madini kama chuma na shaba. Mtumiaji anaweza kuona dalili: seramu iliyokuwa angavu hugeuka njano na hatimaye kahawia. Kwa hiyo vipodozi vizuri vya aina hii huwekwa katika chupa za rangi nzito zisizopitisha hewa, na hutunzwa mahali penye ubaridi.

Vitamini C ya tunda na ile ya kiwandani ni molekuli ileile. Tangu Tadeus Reichstein alipobuni njia ya kuitengeneza kutoka kwa glukosi katika miaka ya 1930, sehemu kubwa ya vitamini C duniani hutoka viwandani, na ngozi haiwezi kutofautisha asili yake. Faida ya ziada ya tunda, kama ipo, inatokana na kemikali nyingine zilizomo pamoja na vitamini hiyo, si katika vitamini yenyewe.

Kiasi kilichomo katika chupa

Neno "vitamini C ya asili" kwenye lebo halielezi kiasi. Hesabu rahisi inasaidia. Tuseme unga mkavu wa plamu ya Kakadu una vitamini C asilimia 15. Mtengenezaji akitia unga huo kwa kiwango cha asilimia 1 ya kipodozi, vitamini C iliyomo ni asilimia 0.15 tu. Hiyo ni chini sana ya asilimia 8.

Kwa upande mwingine, seramu ya mililita 30 yenye vitamini C asilimia 10 inahitaji takriban gramu 3 za vitamini hiyo. Kuzipata zote kutoka kwa tunda lenye miligramu 2,500 kwa gramu 100 kunahitaji gramu 120 za nyama ya tunda, tena bila kupoteza chochote njiani. Inawezekana, lakini ni ghali. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hutia kiziduo kidogo kwa ajili ya jina, kisha huongeza vitamini C ya kiwandani au dawa zinazogeuka kuwa vitamini C ndani ya ngozi, kama vile magnesi-askobili-fosfati. Kufanya hivyo si kosa ikiwa lebo inasema kweli.

Msomaji wa lebo anaweza kuangalia mambo haya:

- Jina la Kilatini Terminalia ferdinandiana limeandikwa wapi. Katika nchi nyingi viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote.
- Kama asilimia ya vitamini C imetajwa kwa tarakimu.
- Kama lebo inataja mahali tunda lilipovunwa na ni nani aliyelivuna.

Uvunaji na wenyeji

Sehemu kubwa ya mavuno bado hukusanywa kwa mkono kutoka kwa miti ya porini. Wavunaji wengi ni familia za Waaborigini, nao hulipwa kwa kilo. Kazi hiyo huleta fedha katika vijiji vilivyo mbali na miji, ambako ajira ni chache. Zaidi ya hayo, wazee hupata nafasi ya kutoka na watoto, kutembelea ardhi ya mababu na kuwafundisha majina ya mahali na mimea.

Kituo kimoja kinachojulikana ni Wadeye, katika Eneo la Kaskazini, ambako ushirika wa wanawake umeshughulika na kukusanya na kusafisha matunda. Makampuni ya wenyeji kutoka Eneo la Kaskazini na Australia Magharibi yameungana katika umoja wa wazalishaji wa plamu ya Kakadu. Shabaha yao ni kuuza kwa sauti moja, kulinda bei na ubora, na kuonyesha kwamba tunda limetoka kwa wenyeji wenyewe. Pia kuna majaribio ya kupanda mti huu mashambani na kuongeza miche katika misitu yake ya asili.

Mashamba makubwa yana pande mbili. Yanaweza kutuliza upatikanaji wa tunda na kupunguza mzigo kwa miti ya porini. Lakini yakimilikiwa na watu wa mbali, yanaweza pia kuwaondoa wavunaji wa vijijini katika biashara iliyoanza kwa elimu yao.

Mgogoro wa hataza

Mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa kampuni ya vipodozi ya Marekani Mary Kay. Kampuni hiyo iliomba hataza kwa vipodozi vyenye kiziduo cha plamu ya Kakadu, na ombi hilo likapelekwa Australia pia. Mtafiti Daniel Robinson wa Chuo Kikuu cha New South Wales aliwasilisha hoja kwamba matumizi ya mti huo yalikuwa yamejulikana tayari kwa wenyeji, hivyo hayakuwa uvumbuzi mpya. Ombi la Australia hatimaye liliondolewa.

Hataza kwa kawaida haimilikishi mtu mti. Humpa mwombaji haki ya pekee, kwa kipindi cha miaka 20, juu ya matumizi au mchanganyiko fulani. Hata hivyo kwa jamii inayotaka kuuza vipodozi vyake yenyewe haki hiyo inaweza kuwa kizuizi kikubwa, kwa kuwa gharama za kushindana mahakamani zinazidi uwezo wake. Ugumu mwingine ni kwamba wakaguzi wa hataza hutafuta ushahidi ulioandikwa, ilhali elimu ya wenyeji imehifadhiwa zaidi katika simulizi.

Sheria na mikataba

Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulikubali kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mali yake ya kibiolojia na kwamba faida zigawanywe kwa haki. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa Oktoba 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, iliweka utaratibu: anayetaka kutumia mmea au elimu ya wenyeji apate kwanza ridhaa yao, kisha wakubaliane masharti ya mgawanyo. Australia ilitia saini itifaki hiyo mwaka 2012. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi wanachama.

Ndani ya Australia, Eneo la Kaskazini lina Sheria ya Rasilimali za Kibiolojia ya mwaka 2006. Sheria ya Haki za Ardhi ya Waaborigini ya mwaka 1976 nayo imerudisha maeneo mapana, ikiwemo Arnhem Land, mikononi mwa wenyeji, hivyo mgeni hawezi kuingia kuvuna bila idhini. Mei 2024 Shirika la Dunia la Haki Miliki lilipitisha mkataba unaowataka waombaji wa hataza kutaja asili ya rasilimali za kijenetiki na elimu ya jadi waliyoitegemea.

Tahadhari za matumizi

Seramu zenye asidi nyingi ya askobiki zinaweza kuwasha ngozi laini. Inashauriwa kujaribu kiasi kidogo kwenye mkono kwanza kabla ya kupaka usoni. Wenye matatizo ya figo wanapaswa kumwona daktari kabla ya kula unga wa tunda kwa wingi, kwa sababu ya oksalati iliyomo.

Vipodozi vya vitamini C visichanganywe na vile vya kuchubua ngozi, vikiwemo vinavyoitwa mkorogo. Vitamini C hufifisha madoa polepole, wala haibadilishi rangi ya asili ya mtu. Kipodozi kinachofanya ngozi iwe nyeupe katika siku chache huenda kina hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, hata kama picha ya tunda imechorwa kwenye kopo.

Matunda yanayofanana katika Afrika Mashariki

Hali ya plamu ya Kakadu inafanana na ya ubuyu, tunda la mbuyu (Adansonia digitata). Unga wa ubuyu nao una vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mafuta ya mbegu zake hutumika katika vipodozi vya Ulaya na Marekani. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu nyama ya ubuyu kuuzwa huko kama chakula kipya, ingawa kwa mwenyeji wa Dodoma au Kilifi si kipya hata kidogo. Miti mingi ya mibuyu nayo ni ya porini, na wanaookota matunda hupata sehemu ndogo ya bei ya mwisho. Uzoefu wa Waaborigini wa kuungana katika mauzo na kudai elimu yao itambuliwe unahusu basi pia wakusanyaji wa matunda ya porini wa Afrika.

Tazama pia

- Vitamini C
- Kiseyeye
- Mbuyu
- Mkungu
- Waaborigini wa Australia
- Itifaki ya Nagoya